Si Mbaya, kwa Mvinyo wa Huku

Ulisema hivyo, Bwana Thibodeau, ulipokwisha kutema kwenye ndoo:
"Si mbaya, kwa mvinyo wa huku."
Ukapangusa midomo kwa leso, ukatazama saa.

Hilo "kwa" lako ninalala nalo tangu Jumanne.
Neno la herufi tatu tu,
lakini lina mlango wa uani,
na ndio tunaopitishwa sisi tusio na jina.

Nalijua. Nililikuta Hombolo,
mama akiuza zabibu zake kwa ndoo pale getini kiwandani,
mgeni kutoka mjini akainua glasi juani:
"Si mbaya, kwa Dodoma."
Mama alicheka naye. Siku hiyo alipunjwa ndoo mbili.

Basi ngoja nikwambie huku ni wapi.

Huku ni Gaspereau, bonde la upana wa kiganja,
mto mwembamba, kanisa la mbao linalohitaji rangi,
na nyuma ya kilima, ghuba
ambayo maji yake huondoka kama mpangaji anayekwepa kodi,
yakaacha tope jekundu mpaka macho yachoke,
kisha yakarudi bila hodi, kina cha ghorofa nne,
na ubaridi wao ukapanda mpaka kwenye majani ya mizabibu.
Zabibu za hapa hazina pupa.
Oktoba nzima zinasitasita:
sukari inapanda ngazi moja moja,
uchachu umekaa juu, umekataa kushuka.

Ulipoonja ulikunja uso. Nilikuona.
Ulidhani ni kasoro.
Ule ndio uti wa mgongo, bwana:
ndimu iliyoviringishwa mezani kabla ya kisu,
tofaa bichi lenye chembe ya chumvi,
jiwe lililoloa mvua ya kwanza.
Weka chaza wa ghuba hii kando yake.
Ni kachumbari kwa nyama;
ukiiondoa, sahani nzima inanyamaza.

Dola kumi na tisa, tulikwambia.
Ukataka kumi na mbili, kreti arobaini,
"maana jina halijulikani."

Murdena Kaulbach hakubishana.
Ana miaka sabini na mmoja na goti la chuma.
Alifungua daftari, akakusomea ukurasa kama anayesoma bili ya umeme:
Juni, usiku wa tarehe nne, saa tisa na robo, digrii mbili chini ya sifuri.
Hakukusomea yaliyobaki, kwa hiyo nayasema mimi:
tuliwasha marobota ya majani makavu kila pembe ya shamba,
tukakimbia na koleo, macho yakichuruzika moshi,
na kulipokucha machipukizi yalikuwa meusi
kama vichwa vya njiti za kiberiti zilizokwisha kazi.
Nusu ya mwaka iliungua kwa baridi.
Ile uliyoitema
ilitoka katika nusu iliyobaki.

Ulienda zako. Gari lako lilikwama kidogo pale kwenye kokoto,
nikakusukuma. Ulinipungia mkono.

Glasi yako sikuimwaga.
Niliiacha dirishani, karibu na risiti,
na jioni, nilipokuja kufunga, ilikuwa imeota joto, imefunguka:
asali kidogo, ganda la chungwa,
na kitu kingine ambacho sikukipatia jina
mpaka nilipokuwa nateremka kwa baiskeli:
vumbi, dakika ile mvua inapoligusa.
Nilisimama. Nilitaka kurudi nikakunywe tena.
Glasi nilikuwa nimeshaiosha.

Mama, miaka ishirini na sita ya kupogoa,
hajawahi kuonja mvinyo wa zabibu zake.
Desemba nitampelekea chupa ya hapa,
nimnunulie na ya kule, nizifungue zote mbili,
tukae nazo mezani bila lile "kwa".

Najua atakachosema.
Atanusa, atakunja uso kama wewe,
kisha atainuka kutafuta sukari.